Maisha Nafuu ya Mgeni na Deni Lake

Hakuna mahali ambapo maisha ni nafuu kwa kila mtu. Chumba cha kupanga Katesh, sahani ya makande Haydom au debe la mahindi Mbulu mjini huonekana rahisi kwa yule ambaye kipato chake kimepangwa na soko la kwingine. Kwa fundi cherehani, mhudumu wa wodi au mama anayeuza vitunguu saumu stendi, bei hizo hizo humaliza karibu mapato yote ya mwezi. Unafuu basi ni tofauti iliyopo kati ya watu wawili wanaolipa bei moja kwa mifuko isiyolingana. Dini na falsafa zimeulizana kwa karne nyingi kuhusu tofauti ya namna hii: mgeni anayefaidika nayo, akishalipa bei aliyotajiwa, amemaliza deni lake?

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zinafaa kulichunguza swali hili kuliko miji mikubwa, kwa sababu wageni wake wanahesabika na athari zao zinaonekana. Tangu miaka ya 1950 Haydom imeishi na madaktari, wauguzi na watafiti kutoka Ulaya. Tambarare za Basotu zilipokea wataalamu wa ngano kutoka Kanada kwa zaidi ya miaka 20. Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, hupitisha wapanda mlima na wafanyakazi wa mashirika. Isitoshe, wenyeji wenyewe wametoka njia mbalimbali. Wairaqw wana lugha ya Kikushi, Wabarabaig na Wadatoga wengine wana lugha ya Kiniloti, Wanyiramba, Wanyisanzu na Wanyaturu ni Wabantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha isiyo na ndugu anayejulikana kwa hakika. Ni vigumu kupata familia katika eneo hili ambayo haina kumbukumbu ya kuwapokea wageni au kupokewa kama wageni.

Bidhaa za sokoni ndizo nyepesi kuamuliwa. Mahindi, maharage, alizeti, ngano, vitunguu saumu vya Mbulu na samaki wa Ziwa Basotu huuzwa mahali vinapozalishwa, kwa hiyo bei yake haijabeba gharama ndefu za lori na dalali. Mgeni anayenunua mnadani baada ya mavuno hanyang'anyi mtu chochote. Ugumu huanza muuzaji anapomtazama mnunuzi usoni kabla ya kutaja bei. Wageni wengi huiona bei ya mzungu kuwa ulaghai, na wauzaji wengi huiona kuwa haki, kwani aliye nacho atoe.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alilijibu jambo hili kwa umakini ambao bado unasaidia. Kwake, kitu kinaweza kuuzwa kwa zaidi ya thamani yake ya kawaida pale muuzaji mwenyewe anapopata hasara kwa kukiachia, kwa mfano mkulima anayeuza mbegu yake ya mwisho. Lakini faida kubwa anayoipata mnunuzi kwa sababu ya hali yake mwenyewe si mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Hata hivyo mnunuzi aliyenufaika sana anaweza, kwa hiari yake, kuongeza kitu juu ya bei, na kufanya hivyo ni sehemu ya uungwana. Fikra hii inagawa wajibu vizuri kuliko hasira ya mnadani: muuzaji hana haki ya kudai ziada, na mnunuzi mwema hangoji kudaiwa.

Sheria za biashara za Kiislamu zinafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mtume alikataza wafanyabiashara kwenda kuupokea msafara njiani na kununua mizigo kabla wenye mali hawajafika sokoni na kuijua bei. Katazo hilo humlinda asiyejua. Kwa mantiki hiyo, mgeni asiyejua bei ya mkungu wa ndizi Dongobesh anastahili kulindwa, na vivyo hivyo mkulima wa Hanang anayefuatwa shambani na mnunuzi mwenye simu iliyojaa bei za Arusha na Nairobi. Kati ya hao wawili, wa pili ndiye anayeumia mara nyingi zaidi, ingawa malalamiko ya wa kwanza ndiyo yanayosikika.

Kuna hoja nzito dhidi ya ukarimu wa kulipa zaidi. Katika mji mdogo vyumba vizuri ni vichache. Hospitali inapokuwa na mamia ya wafanyakazi, wageni wachache wanaolipa kodi bila kupatana wanatosha kuwafundisha wenye nyumba bei mpya, na anayehamishwa na bei hiyo ni mwalimu aliyepangiwa kituo kutoka Kagera au mkunga kutoka Mbeya. Ziada ya hiari isipotenganishwa na bei huwa kodi inayowaangukia majirani. Ndiyo maana ni bora mgeni alipe bei ya mahali, kisha deni lake alitimize kwa njia ambayo haitavuruga soko la wengine.

Kazi haifuati kanuni ya bidhaa. Sehemu kubwa ya unafuu wa mgeni hutokana na mikono ya watu: dada wa kazi, mlinzi wa usiku, kijana wa kuchota maji, dereva wa bodaboda, fundi anayeitwa wakati wowote. Anayewaajiri kwa ujira wa kawaida wa mahali anaweza kusema kwamba hakumdhulumu mtu, kwani mapatano yalifanywa kwa hiari. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, alikataa hoja hiyo: mapatano ya hiari hayatoshi ikiwa ujira haumtoshi mfanyakazi mwenye matumizi ya kiasi kuishi. Katika eneo ambalo Jimbo Katoliki la Mbulu limekuwapo tangu 1953, mafundisho hayo si ya mbali. Nayo mafundisho ya Kiislamu yanataka mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, yaani mwajiri asigeuze subira ya maskini kuwa mkopo usio na riba kwake.

Sheria ya Tanzania nayo imekubali tofauti hii. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na cha anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 40,000. Kazi ni ile ile ya kufua, kupika na kulea. Kilichotofautiana ni uwezo wa mwajiri, na dola ikauhesabu uwezo huo kuwa sehemu ya haki. Mantiki ya jambo hili ni sahihi. Kilo ya maharage ikishauzwa huondoka na muuzaji hubaki mzima, lakini anayeuza siku yake huuza sehemu ya maisha, na hawezi kuipeleka kwa mnunuzi mwingine jioni. Mgeni anayelipa maharage kwa bei ya soko yuko sawa. Akilipa kazi ya mtu kwa bei ya chini kabisa ya soko, ilhali anajua kwamba haimtoshi, ameuchukua unafuu wake kwenye chakula cha familia nyingine.

Kuna vitu vingine ambavyo havikuwa na bei kabisa, na hivyo ndivyo vinavyoufanya ugeni kuwa zaidi ya biashara. Kwa muda mrefu Wairaqw waliyaweka maziwa na pombe ya mtama nje ya mzunguko wa fedha: vilitolewa kwa mgeni, kwa jirani, kwa wazee wanaobariki, na kuviuza kulionekana kuwa kasoro. Mwanaanthropolojia wa Norwe Ole Bjørn Rekdal ameandika namna mpaka huo ulivyoanza kulegea katika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Upo pia utaratibu wa qaymanda, ambapo mwenye ng'ombe humkabidhi mwingine mnyama amtunze. Mtunzaji hupata maziwa na samadi, mwenye mali hubaki na mnyama na uzao wake, na wote wawili hubaki na sababu ya kutazamana kesho. Familia nyingi zisizo na mifugo zilipata maziwa kwa njia hii.

Mgeni mwenye fedha huingia katika utaratibu huo kwa namna isiyo ya kawaida. Akiletewa maziwa bure, anaweza kuyalipia papo hapo na kudhani ametenda haki, kumbe amelifunga deni ambalo jirani alilifungua makusudi ili pawe na ujirani. Au anaweza kuyapokea, asirudishe kitu, na kulihesabu jambo hilo kuwa moja ya raha za maisha nafuu ya kijijini. La pili ni kosa kubwa zaidi. Methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, ambayo Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza misingi ya ujamaa, mara nyingi huchukuliwa kama onyo dhidi ya uvivu. Ina upande mwingine ambao huzungumzwa kidogo: jembe ni kibali. Anayepewa amehesabiwa miongoni mwa wanaoweza kuchangia, kukosolewa na kuombwa. Kumwacha mgeni alipe kila kitu kwa fedha ni kumwacha nje ya kibali hicho.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari wa Norwe, ni mfano wa jembe lililopokewa. Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen aliwasili mwaka 1961 na kuiongoza kwa miongo kadhaa. Baadaye mwanawe naye aliiongoza. Mahali palipokuwa pembezoni, mbali na barabara kuu, pakawa na hospitali yenye mamia ya vitanda, chuo cha uuguzi, umeme, kiwanja cha ndege na mji uliokua kuizunguka. Mgeni wa aina hii hakuja kutafuta unafuu. Alibaki miaka ya kutosha kujulikana kwa makosa yake na kwa mema yake.

Hata hivyo mfano huo una somo gumu. Kwa miaka mingi ada za wagonjwa wa Haydom ziliwekwa chini, na pengo likajazwa na ruzuku kutoka Norwe. Hapa gharama ilielekea upande wa pili: mwenyeji alipata huduma kwa bei nafuu na mgeni wa mbali akalipa tofauti. Linaonekana jambo jema, na kwa mama aliyefika na uchungu wa siku mbili ni jema bila shaka. Lakini unafuu unaotegemea bajeti ya bunge la nchi nyingine hauko mikononi mwa wanaouhitaji, na ruzuku inapopunguzwa wao ndio wanaobaki wakihesabu. Wanafalsafa wa haki hutofautisha kutoa na kuwezesha. Wageni waliofundisha wauguzi na madaktari wa hapo wamelipa deni lao kwa namna inayodumu kuliko waliotuma fedha peke yake, ijapokuwa fedha hizo ziliokoa maisha ya watu wengi sana.

Baada ya bidhaa, kazi na vitu visivyo na bei, ardhi ni suala la nne, na ndilo zito kuliko yote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania iliiomba Kanada msaada wa kulima ngano kwa mashine, na kuanzia 1970 mradi ukashika kasi Hanang chini ya Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO. Mashamba saba yalifunguliwa: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Waret na Gawal. Jumla yake ilikuwa karibu ekari 100,000. Matrekta, mbegu na wataalamu vilitoka Kanada, na ngano ilikwenda kulisha miji. Kwa vipimo vya wakati huo gharama ya ardhi ilikuwa ndogo mno, kwani ilihesabiwa kuwa tupu.

Haikuwa tupu. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba wafugaji hao waliyagawa malisho yao kwa misimu na kwa aina ya majani, na kwamba tambarare zilizolimwa zilikuwa miongoni mwa malisho bora waliyoyategemea. Kuzipoteza kulivunja mzunguko mzima, kwa hiyo hasara ilizidi hesabu ya ekari. Plau zilipita pia juu ya bung'ed, vichuguu vya udongo vinavyojengwa juu ya makaburi ya wazee wenye heshima, mahali ambapo koo hurudi kuomba. Hakuna mtaalamu wa kilimo aliyekuwa na safu ya kuandikia hasara hiyo katika hesabu za mradi, na ndivyo ngano ilivyoonekana kuwa rahisi.

Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO, iliyofunguliwa Mahakama Kuu Arusha mwaka 1981, inaligeuza swali la ugeni kichwa chini miguu juu. Wanakijiji walipata ushindi wa sehemu katika Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ikautengua, ikisema kwamba baraza la kijiji halikuthibitisha kugawiwa ardhi ile, na kwamba walalamikaji hawakutoa ushahidi wa kutosha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya mwaka 1923, sheria ya mkoloni iliyokuwa ingali na nguvu. Watu waliozaliwa na kuzika hapo wakashindwa kwa kukosa kuthibitisha uenyeji wao, wakati wataalamu wa kigeni wakikaa katika nyumba za mashamba kwa mkataba wa serikali mbili. Mwaka 1987 tangazo la serikali likafuta haki za kimila katika maeneo ya mashamba hayo. Mradi wa Wakanada ulifikia mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1990, NAFCO ikasambaratika, na baadaye baadhi ya ardhi ikarudishwa kwa vijiji huku nyingine ikibaki mikononi mwa wawekezaji.

Wataalamu wale hawakuwa watu wabaya. Wengi walifanya kazi kwa bidii, wakaamini kwamba wanasaidia taifa changa kujilisha. Kwa sababu hiyo hasa mfano wao una maana kwa falsafa ya maadili. Mtu anaweza kulipa kila anachodaiwa, kumsalimu kila anayekutana naye, na bado akaishi juu ya unafuu uliotengenezwa na dhuluma asiyoifanya. Dhamira safi haitoshi kumwondolea wajibu wa kuuliza nyumba anayolala imejengwa juu ya haki ya nani. Immanuel Kant, katika maandishi yake ya mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alimpa mgeni haki ya kuzuru bila kutendewa kama adui, lakini akakataa kwamba haki hiyo inampa makazi. Makazi kwake yalihitaji mapatano na wenye mahali. Aliwakosoa vikali Wazungu wa zama zake waliozifikia nchi za watu na kuzihesabu kuwa hazina mwenyewe. Hoja yake inaigusa Basotu moja kwa moja: mapatano yalikuwapo kati ya Dar es Salaam na Ottawa, na hayakuwapo na wale waliochunga pale.

Ingekuwa rahisi kulifunga suala hili kwa kumnyooshea kidole mgeni wa kigeni pekee, lakini historia ya eneo hairuhusu. Wairaqw waliokuwa wamebanana katika nyanda za juu za Irqwa Da'aw walianza kuenea kwa kasi katika karne ya 20, wakishuka kuelekea Karatu, Haydom na Hanang. Kwa mkulima aliyekosa shamba la kuwarithisha wanawe, ardhi ya huko chini ilikuwa nyingi na rahisi. Kwa mfugaji wa Kidatoga ilikuwa malisho, na kwa Mhadzabe wa Yaeda ilikuwa pori la asali, mizizi na wanyama. Kila aliyesonga mbele alikuwa na shida ya kweli iliyomsukuma, na kila aliyesukumwa alimsukuma aliye dhaifu zaidi. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji yenye wamiliki kutoka Falme za Kiarabu iliachana na mpango wake wa kupewa eneo la Yaeda baada ya kelele za watu wengi. Miaka minne baadaye, mwaka 2011, Wahadzabe walipata hati ya haki ya kimila kwa ardhi yao. Hati hiyo inawakinga dhidi ya kampuni, na vilevile dhidi ya jirani mwenye jembe na jirani mwenye ng'ombe.

Sheria ya sasa imechora mipaka iliyo wazi kuliko ile ya 1923. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, hazimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Vibali vya ukaazi vimegawanywa kwa makundi: mwekezaji, mwajiriwa, na kundi la tatu linalowachukua wamisionari, watafiti, wanafunzi na wanaojitolea. Maana yake ni kwamba mgeni anatakiwa aeleze amekuja kufanya nini. Kuishi kwa unafuu si jibu ambalo serikali inalitambua kirahisi, na kwa upande wa maadili msimamo huo una busara. Lakini kibali hakisemi lolote kuhusu ujira wa mlinzi, maziwa ya jirani wala kaburi lililo chini ya shamba.

Linabaki jambo moja ambalo hakuna malipo yanayolifikia. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha udongo na mawe kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Walionusurika walihifadhiwa shuleni, wakalishwa na majirani, na wengi walirudi kujenga karibu na pale pale, kwa sababu shamba, makaburi na ndugu viko hapo. Mgeni mwenye pasipoti na akaunti ya benki ya mbali angeweza kuondoka wiki ile ile, kama anavyoweza kuondoka mwaka wa ukame au mwaka bei ya mahindi inapopanda. Uwezo huo wa kuondoka haununuliwi sokoni, haupungui kwa kulipa mishahara mizuri, na ndio unaomtenga na mwenyeji hata baada ya miaka 30 ya kuishi pamoja. Anaweza kuukubali waziwazi mbele ya wenyeji, na anaweza kubaki katika mwaka mbaya wakati hakuna kinachomlazimisha. Akifanya hivyo bado hawi sawa na jirani aliyebaki kwa kukosa pa kwenda, ila wakati wa kugawana mzigo wa mwaka huo jina lake litatajwa pamoja na mengine.